Mguu wa Kushoto

Bwana Usuda amekuja kutoka Hakata
na sanduku ndani ya sanduku ndani ya sanduku.
Anapiga magoti kwenye mkeka wangu, anafungua
polepole, kama anayemvua nguo mtoto aliyelala.
Bakuli la chai. La kijivu, na weupe umechuruzika ubavuni
ukakomea njiani, kama mtu aliyesahau alichofuata.
"La Gensai wa Kwanza," ananong'ona. "Miaka mia nne.
Wewe binti wa mfinyanzi, nihakikishie."

Nalipokea kwa mikono miwili. Nalipindua.
Pale kisiginoni, udongo haukupakwa kitu;
hapo ndipo bakuli halina la kuficha.
Alama ya gurudumu imejikunja kama konokono.
Imejikunja kinyume.

Baba alirudi vitani na goti la kulia limekufa,
akajifunza upya kusukuma gurudumu kwa mguu wa kushoto.
Kijiji kizima udongo ulizunguka upande mmoja,
kibandani kwetu ukazunguka upande wake.
Mwiga tembo hupasuka msamba, walimcheka,
na kweli: kati ya mabakuli arobaini ya tanuri lile
thelathini na tisa yalipasuka.
Nilikuwa na miaka minane. Niliyabeba kwa tenga
hadi mtoni, nikiyahesabu kwa sauti.

La arobaini alilitazama siku tatu.
Muhuri wake aliushika, akaurudisha mfukoni.
Ni yeye aliyenifundisha: nakili yenye muhuri
ni shikamoo kwa mkubwa; isiyo na muhuri ni wizi.
Akalifunga kwenye gazeti, akatoka akichechemea,
na usiku ule tulikula wali mtupu,
wali usiochanganywa na viazi, hadi mama akacheka.
"Hata Gensai," baba alisema, mdomo umejaa,
"aliiga bakuli la mkulima fulani wa Korea.
Yule naye alitaka tu chombo cha kulia."

Bwana Usuda anangoja. Jasho limemtoka juu ya mdomo.
Nachemsha maji. Naikoroga chai humo humo,
kijani juu ya kijivu, povu linakusanyika.
Analizungusha mara mbili, kwa adabu, anakunywa.
Nasikia mfyonzo wa mwisho, ule wa kushukuru.

"Basi?"

"Ni la fundi," namwambia.

Anainama hadi paji la uso linagusa mkeka.
Sijui kama nimesema uongo. Sijui pia
kama machozi yake yana bei au hayana.
Nalifuta bakuli, nalirudisha katika sanduku
ndani ya sanduku ndani ya sanduku,
namsindikiza hadi kwenye teksi.

Kisha nakaa kwenye gurudumu. Kuna oda ya sahani,
za mgahawa wa tambi karibu na stesheni.
Mguu wangu wa kulia ni mzima, haujawahi kuuma.
Nasukuma kwa wa kushoto.