Ngata ya Jiwe

Nimepanda ngazi na ufagio wa chelewa
kutoa utando juu ya nguzo ya tatu,
upande wa wanawake.
Jumapili askofu anakuja,
na buibui wa Bahi hawajui itifaki.

Huku juu hakuna apajuaye.
Waumini huona visogo vya walio mbele.
Mimi naona patasi ya babu Masigati.

Alipewa karatasi, mchoro wa huko kwao padri:
majani ambayo mbuzi wa hapa hajapata kuyatafuna,
simba wa vichwa viwili, kiwiliwili kimoja,
mtu anamezwa, kaanziwa miguuni.
"Chonga hivi."
Babu akaikunja karatasi, akaitia mfukoni na tumbaku,
akalitazama jiwe siku mbili bila kuligusa.

Nguzo ya kwanza akaiwekea majani ya mlenda.
Ya pili, mashuke ya uwele na kweleakwelea wanne,
midomo punjeni tangu mwaka ule,
hawajashiba.
Ng'ambo, kwa wanaume, simba alimchonga,
maana simba tunamjua,
ila akampa sura ya karani wa kodi;
na yule amezwaye, magoti yameshaingia,
kamshika ndama mkia, hamwachii.
Padri akafurahi: "Naam! Huyo ni Shetani."
"Ndiyo, Baba," akasema babu.

Sasa hii ya tatu.
Nafagia, vumbi jekundu linaniingia puani,
na chini ya vumbi, ngata:
kitambaa kimesokotwa mara tatu,
ncha imechomekwa ndani, kwa kushoto,
mama anavyochomeka yake,
alivyofundishwa na mama yake, bibi Nyemo.

Chini ya ngata hakuna uso.
Jiwe tupu, limedonolewa mara chache.

Mwaka ule watu walichemsha ngozi.
Bibi alijitwika kibuyu na nguo mbili,
akaenda Kondoa kwa wajomba kutafuta mtama,
kamwacha mama kwa jirani.
"Nitamalizia akirudi," babu aliwaambia waashi.
Waashi hawakungoja. Matofali yalishafika.
Walipandisha jiwe lilivyo,
wakalitwika tao.

"Febronia! Umelala huko?"
Katekista, na ndoo yake.

Nashuka.
Utando nimeutoa wote.
Kwenye mikunjo ya ngata nimeacha vumbi kidogo.
Askofu hatapanda ngazi.