Kina Kilekile

Alinipigia simu Jumatatu, jua halijaamua.
"Kisima kinakufa," alisema, salamu hakuna.
Orysia Palamarchuk, miaka sabini na mmoja,
shamba la mwisho kabla changarawe haijamezwa na nyasi,
huko Saskatchewan, ambako upepo
hauna mti wa kuuliza njia.

Bomba la jikoni lilikuwa likikohoa.
Maji yalitoka, yakasita, yakatoka tena
kama mtu aliyekuja kukopa.
Nilitega ndoo, nikatazama saa:
lita tisa kwa dakika.
Zamani, alisema, arobaini na tano,
ng'ombe wakinywa, nguo zikifuliwa,
na Metro bafuni akiimba vibaya.

"Ni yule," akanyoosha kidole kuvuka uzio.
Miaka miwili nyuma Lorne Wiebe alichimba kisima chake,
kirefu, cha kumwagilia viazi,
na tangu siku hiyo hawajasalimiana.
Kwenye matanga ya Metro, Lorne alileta keki.
Orysia alimrudishia sahani, keki ikiwa juu yake.
Maji ya kunywa aliyafuata mjini, kilomita ishirini na mbili,
tangi la plastiki likiyumba nyuma ya gari,
akipita kila mara mbele ya lango la Lorne
bila kugeuza shingo.

Mimi sibishani na mfiwa. Nina utepe.
Niliuteremsha kisimani, mita baada ya mita,
mpaka ukalia: kumi na tisa na nusu.
Akaleta daftari la marehemu, jalada limelowa grisi.
Kwa penseli: Oktoba 1987, mita kumi na tisa na nusu.

Alisoma mara mbili.
Akavaa miwani, akasoma ya tatu.

Maji hayajashuka, mama. Yako palepale alipoyaacha.

Kisha nikawasha pampu, na kina kikaanza kukimbia:
ishirini na tano,
thelathini na mbili,
arobaini na moja, hata nusu saa haijafika.
Kisima kimezungukwa na maji, na kinakufa kiu.

Tukashusha kamera na kitaa chake.
Ukuta wa bomba, safi, safi, safi,
halafu kichujio, au mahali kilipopaswa kuwa:
utando wa rangi ya chungwa, mzito, wenye manyoya,
vijidudu vinavyokula chuma na kujenga nyumba juu ya nyumba,
kila tundu limezibwa
kama sikio la mtu aliyekwisha kuamua.
Kikulacho ki nguoni, husemwa. Hiki kilikuwa kooni.

Siku tatu.
Kung'oa pampu, mabomba manane,
kila moja likitema kutu kwenye viatu vyangu.
Brashi ya waya, juu, chini, juu, chini.
Asidi, ikalala humo usiku kucha.
Kisha pistoni ya kusukuma na kuvuta,
maana uchafu ulioganda hauondoki kwa nguvu ya upande mmoja;
maji lazima yaende, na yarudi.
Klorini baadaye. Halafu kupampu tu, kutwa nzima:
rangi ya supu ya malenge,
rangi ya chai,
rangi ya chai ya bahili,
kisha kitu kisicho na rangi.

Lita thelathini na nane.
Nilimwambia ukweli: arobaini na tano haitarudi,
kuna matundu yaliyokwisha kuwa jiwe.
Na hivi vijidudu ni wageni wasioaga;
niite mapema, usisubiri kikohozi.
Aliandika yote chini ya mwandiko wa Metro,
tarehe, kina, lita,
penseli akiilamba kwanza.

Nilipokuwa nikiandika hesabu ya malipo
aliniomba chupa moja ya ule uchafu.
Sikuuliza. Nilichota, nikakaza kifuniko.
Aliiweka kwenye kiti cha abiria,
akaifunga mkanda,
na gari lilipofika barabarani
halikukata kona ya mjini.