Maelezo ya Mhusika

Fomu inasema: eleza kwa ufupi, usizidi mistari kumi.
Nimeomba karatasi ya pili. Karani amenitazama
kama mtu aliyeomba kaburi la pili.

Jina: Tak Ho-yeon. Kazi: daktari wa umma,
askari kwa hesabu ya serikali.
Bunduki niliishika majuma matatu, tena ya mazoezi,
kisha nikavishwa koti jeupe, nikaambiwa: vita vyako
viko bondeni, nyuma ya Jeongseon, miezi thelathini na sita,
mahali makaa ya mawe yalipokwisha
na vifua vya watu vikabaki kuyatunza.

Mgonjwa wangu ni kikohozi. Kikohozi kinabisha hodi,
kinavua viatu, kinakunja mkono wa shati nipime presha,
kinaniachia viazi vya kuchemsha ndani ya gazeti.
Saa kumi na mbili jioni nafunga zahanati.
Theluji inafunga kilichobaki.

Sheria naijua kama niujuavyo mfupa wa paja:
daktari wa umma hatafanya kazi pengine kwa ujira;
kila siku atakayoiba italipwa kwa siku tano.
Haina kona, haina upenyo.
Sikuteleza. Niliruka.

Baba alifungua duka la kuku wa kukaanga, Wonju,
karibu na kituo cha basi, mwaka ambao kila mstaafu
alikuwa anakaanga kuku.
Duka likafa. Deni halikufa;
deni halina mapafu, halijui kukosa pumzi.

Basi kila nilipoweza, Ijumaa, gari la saa moja,
nasinzia paji la uso kiooni, hadi hospitali ya binafsi
ambayo mkurugenzi wake hakuniuliza barua, aliniuliza usingizi:
"Utakesha mpaka asubuhi?"
Nilikesha. Pesa ikaingia bahasha, bahasha ikaingia droo ya baba,
naye akawa hodari wa kutouliza.
Mshika mawili, moja humponyoka. Walinifunza hivyo.
Mimi nikadhani mikono miwili niliumbiwa kazi gani?

Januari, saa saba usiku,
mlango wa gari la wagonjwa ukafunguka, machela ikashuka,
na juu yake Ok Bun-rye wa nyumba ya bati la buluu,
aliyechambua makaa kwa vidole miaka kumi na tisa.
Midomo yake rangi ya paa lake.
Alipiga simu zahanati saa mbili.
Simu ililia mezani kwangu, kando ya viazi vyake,
ikalia,
ikalia.
Kisha saa tano: kungoja gari, minyororo ya matairi, dereva mgeni.

Nilimvisha barakoa ya hewa. Nilipata mshipa mara ya kwanza.
Mkono wangu haukutetemeka,
na hilo ndilo linaloninyima usingizi, si kukesha.

Asubuhi muuguzi akamuuliza: "Bibi, huyu daktari unamjua?"
Barakoa ikajaa ukungu, ikatakata, ikajaa tena.
Akatikisa kichwa: hapana.
Muuguzi alipogeuka, kidole chake,
chenye weusi ambao sabuni iliukubali zamani,
kikagonga kiganja changu mara mbili, polepole,
kama mtu abishaye nyumba
iliyozimwa taa.

Sijitetei. Atakayesema nilimwokoa
mwambieni aanze kuhesabu saa mbili usiku.
Wala siisifu sheria: haijawahi kulipa deni la mtu,
haijawahi kuniletea mwenzangu wa zamu bondeni.
Lakini ilikuwa imekaa pale mezani, karibu na simu,
na yenyewe haikupanda basi.

Sasa hesabu yenu, ukurasa wa tatu.
Mmeandika Ijumaa kumi na moja.
Mkurugenzi alificha moja, sijui kwa huruma au kwa woga wake.
Zilikuwa kumi na mbili.
Ya Januari iandikeni kwa wino.