Haja

Nilimwita Nyanya,
kwa wekundu wake, na kwa kunung'unika.
Miezi minane alikaa kulia kwa kitovu changu
akisema apendapo: kwenye foleni ya benki,
katikati ya tahiyatu,
siku ile mkaguzi alipofika jikoni kwetu, shuleni Burngreave,
nami nikagonga sufuria kwa mwiko nimfunike sauti.

Jumanne wakamrudisha ndani.
Daktari alinichorea kwenye karatasi ya kufutia mikono:
utumbo mwembamba umekunjwa, umeshonwa mfuko,
umbo la upawa uliotundikwa msumarini.
"Ni mwili wako mwenyewe," akasema,
"ila haujaijua kazi yake mpya."
Nikafikiri: kama Mbwana na mashine ya kufulia.

Hakuna aliyeniambia usiku una vyumba vingapi.
Saa sita. Saa saba na robo. Saa nane. Saa kumi kasoro.
Ngazi kumi na tatu, taa ya kuvuta kwa kamba,
kioo chenye ukungu, na nje theluji ya Machi
inaishukia Sheffield polepole,
kama isiyo na haja.

Haja.
Waliotuachia lugha walijua walipoliita hivyo:
ninachokihitaji, na kinachonihitaji,
jina moja, mlango mmoja.

Ngozi inawaka kama niliyekalia pilipili.
Nesi Gaynor kaniletea krimu nyeupe, nzito kama tui la kwanza.
"Paka kabla hujalia, mpenzi," anasema, "si baada."

Mimi niliyewapikia watoto mia tatu
sasa napimiwa: viazi vya kuponda, ndizi, mkate mweupe,
maji ya chumvi na sukari kwa vijiko.
Mahindi marufuku. Njugu nizisahau.
Rukiya ameyaandika yote akayabandika kwenye friji,
na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu:
MAMA, TAFUNA.

Na mkono, jamani, mkono haujapata habari.
Kila nikiinuka unashuka ubavuni
kuuliza kama mfuko umejaa.
Unakuta kovu,
kitovu cha pili, kimekunja uso.
Sikudhani ningemkumbuka.
Hakuwa na adabu hata chembe,
lakini ndiye aliyenivusha.

Wiki ya tano, alasiri, nimejilaza.
Kitu kikabisha. Nikakaza. Nikasikiliza.
Maji au upepo?
Ndiyo elimu yangu yote siku hizi.
Nikathubutu.
Upepo.
Upepo mtupu, mrefu, usio na haya,
na Mbwana, yuko chini anaosha vyombo,
akaitikia kwa sauti ya juu ya mnara:
"Alhamdulillahi!"
Tulicheka hadi nikaushika mshono.

Leo nimefika kituo cha basi na kurudi.
Njia nzima nahesabu: choo cha maktaba,
choo cha duka la dawa, ukiomba vizuri,
choo cha msikiti, viatu vivuliwe kwanza.
Mlima wetu sikuwahi kujua ni mrefu hivi.

Kabatini limebaki boksi moja la mifuko ile,
gundi yake haijaguswa.
Kila Ijumaa Mbwana huuliza, nilitupe?
Ngoja, nasema.
Ngoja kwanza.
Naenda haja.