Kilo Moja na Robo

Weruweru ukijaa hunguruma kifuani,
ukikauka hunong'onezana na kokoto.
Sauti zote mbili nimezijulia chini ya daraja,
nikining'inia kwa mkanda, nyundo mkononi,
kugonga bolti, kutega sikio.
Iliyokaza hujibu: ting!
Iliyolegea: kwo,
kama mgonjwa anayemficha daktari kikohozi.

Baba, Eliamringi Mmari, hakuwa fundi.
Mihimili ilipofika usiku juu ya matrela,
mirefu, myekundu kwa rangi ya kwanza,
yeye alishika chemli kuwaonyesha madereva kona.
Kazi yake hasa ilikuwa kumwagilia nguzo za zege,
asubuhi na jioni, siku ishirini na nane,
akizifunika magunia yaliyolowa.
Mama alilalama: nguzo zanywa,
migomba yangu je?

Sasa ni zamu yangu. Kutu haipigi hodi.
Huanza chini ya kinyesi cha njiwa,
pale maji ya mvua yanapokaa kitako,
hutuna ndani ya rangi kama lengelenge;
ukikwangua, wekundu wa udongo wa Machame.
Nakwangua, napaka, nakwangua.
Barua ya kuomba bolti mpya niliandika Februari.
Mahindi ya Mama yameshavunwa.

Jumanne, Pasua, kwa Mangowi wa vyuma chakavu,
kati ya rimu za baiskeli na sufuria lililotoboka,
nikaiona: rangi yangu ya kijivu,
namba kwa mwandiko wangu, 117.
"Nani kaileta?"
"Chuma hakina kabila," akasema, akaipandisha mizanini.
"Kilo moja na robo."
Nikalipa. Risiti sikuomba;
ningempelekea nani?

Tundu lake lilikuwa wazi.
Jua limepita humo, likadondosha
shilingi moja ya mwanga juu ya maji,
na maji hayakuichukua.

Nikasugua meno yake kwa mafuta ya taa,
nikaipachika, nikatia spana.
Juu yangu ikapita harusi kutoka Boma:
pikapu ya tarumbeta, magari kumi na matatu,
daraja zima likatetemeka hadi kwenye magego yangu.
Bi harusi sikumwona. Nilikaza
nusu mzunguko zaidi kwa ajili yake.

117: ting!
Nikasogea.
118 nikaigonga.
Ikachelewa kidogo kujibu.