Bolti ya Ndani

Zilikuwa mbili. Ya nje ilifunguka kwa salamu tu,
mizunguko mitano, ikanilalia kiganjani.
Ya ndani ilikuwa huko nyuma,
kati ya silinda na fremu,
mahali ambapo aliyeichora pikipiki hii
hakumfikiria mtu mwenye vifundo vya vidole.

Drale wa steji alisema, "Mwalimu, hapo lazima injini ishuke."
Injini ikishuka, elfu sitini zinashuka nayo.
Nikaisukuma Boksa yangu mpaka nyumbani Mvara,
nikaiegesha barazani, nikatandika gunia,
nikavua saa, nikavua pete.

Spana ya kumi inaingia, haizunguki.
Inasogea nukta moja, inagonga fremu.
Unaichomoa, unaigeuza uso, unairudisha: nukta nyingine.
Kama kujaza pipa kwa kifuniko cha soda.
Kisha soketi na mkia wake; mkia mrefu mno.
Kisha mkono mtupu,
kana kwamba bolti ingenionea huruma.
Mkono ulitoka. Ngozi kidogo ilibaki.

Candiru wa jirani, miaka tisa, akachuchumaa kando:
"Unatafuta nini humo?"
"Kitu ninachojua kilipo."
Akaenda, akarudi na kioo cha poda cha mama yake,
chenye ufa katikati.

Nikakishika kwa koleo, tochi nikaiuma kwa meno,
ndipo nikaiona uso kwa uso:
pembe zimeliwa, kutu imeikalia kama ugoro.
Si mimi niliyezila.
Kuna mtu alinitangulia, Koboko labda, au Ariwara ng'ambo ya mpaka,
alipiga magoti kama mimi, spana ikamteleza,
akatukana kwa lugha yake,
akaiacha hivyo hivyo, akaiuza pikipiki.

Nikamchukia mpaka saa kumi.

Nikaidondoshea dizeli kwa unyoya wa kuku.
Spana kuukuu nikaikata kwa msumeno,
nikaizika katika makaa ya sigiri, chini ya sufuria ya maharage,
ilipoiva nikaipinda shingo
kama ya korongo anapokunywa maji.
Ikaingia. Ikauma.

Kushoto kulegeza, kulia kukaza: nani asiyejua?
Nikasukuma kushoto, jicho kiooni, jasho machoni,
nusu saa nzima.
"Lakini mwalimu," akasema Candiru,
"si kwenye kioo kushoto ndiko kulia?"

Ninafundisha hesabu, darasa la sita.
Nusu saa nzima nilikuwa naikaza.

Umeme ukakatika. Kengele ya Ediofe ikalia.
Nikafumba macho, maana hayakuwa na msaada tena,
nikamwachia kazi mkono.
Mkono haujui kioo. Ulikwenda ulikopaswa kwenda.

Haikupiga kelele. Ilisema "ti,"
sauti ndogo, ya mtu anayekiri kosa
na hataki mashahidi.

Mzunguko wa mwisho ikaponyoka,
ikaangukia gizani, sijui wapi.
Tuliitafuta kwa sumaku ya spika ya redio iliyokufa,
imefungwa uzi, Candiru akiivuta polepole
kama anayevua kambale kisimani.
Ikanasa. Maharage yakaungua.

Kesho yake nikanunua mpya kwa Ezati, shilingi elfu moja.
Nikaipaka grisi meno yote, kwa kidole, bila pupa,
nikaikaza ilipotosha, nikaacha.
Ile spana iliyopinda nimeifunga kwa waya chini ya kiti.

Siku moja nitaiuza Boksa hii.
Mtu nisiyemjua atapiga magoti kwenye gunia lake,
atapapasa nyuma ya silinda akijiandaa kutukana,
nayo itafunguka kwa salamu tu.
Atadhani ni ustadi wake.