Kutembea Bure

Jumamosi, saa kumi na mbili na robo,
tunakutana mbele ya kituo cha afya, Kadutu,
watu kumi na wanne na presha zetu.
Muuguzi Zihalirwa kasema: njooni mikono mitupu.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa.
Miaka hamsini shingo yangu imebeba
makala, mihogo, mtoto wa dada,
na mwaka ule, godoro, tukikimbia risasi.
Leo kichwa chepesi kinanitisha,
mikono inaning'inia kama ya kuazima.

Muuza nyanya anatusimamisha:
"Mama Nsimire, wanagawa nini huko?"
Hawagawi kitu.
"Nani amekufa?"
Hakuna.
"Basi mnatembea bure?"

Bure kabisa, mama,
kushuka hadi Nyawera, kisha kupanda tena,
Bisimwa akihesabu pumzi zake kwa Mashi,
ziwa likituchungulia kati ya mabati.

Kwenye mwinuko wa mwisho nikasimama.
Moyo ulidunda. Nikageuka nyuma, mazoea tu:
hakuna aliyetufuata
ila mtoto mmoja na mbuzi wake,
wamejiunga bila kuandikishwa.